Mtaro Tuliochimba kwa Ngoma

Habari za kifo cha Masanja zilinikuta sebuleni kwangu hapa Bariadi, miguu juu ya stuli, chini ya kile kidude cheupe chenye taa za kijani ambacho mafundi walikigongomea ukutani mwaka juzi. Mwanangu alikuwa anaangalia katuni, mume wangu anaangalia mpira, na mimi namwangalia mwanamke mmoja nisiyemjua akipika biriani. Wote watatu tulikuwa tunakula mtandao wa uzi mmoja, uzi wenyewe mwembamba hata sindano ingeucheka. Ujumbe uliingia kwenye kundi la walimu wa zamani: "Mzee Masanja wa Kimali alifariki juzi, mazishi ni kesho. Mtuwie radhi, taarifa imechelewa kwa sababu ya mtandao." Nilisoma ile sentensi ya mwisho, nikainua macho nikakitazama kile kidude, na kichefuchefu kikanipanda. Sisemi huzuni. Huzuni ilikuja baadaye, ndani ya basi. Cha kwanza kilikuwa kinyaa, kama cha mtu aliyeshiba ndipo akaonyeshwa unywele kwenye ugali. Uzi unaoingia sebuleni kwangu unapita kando ya zizi la Masanja. Mtaro wake aliuchimba yeye na vijana wake, na mimi nilikuwepo.

Wahenga walisema ya kale hayanuki. Haya yananuka, na sitayapaka manukato.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza kidato cha sita na nasubiri chuo, nikaenda kujitolea kufundisha sekondari ya kata upande wa Kimali, wilaya ya Meatu, shule ambayo fizikia ilifundishwa na yeyote aliyeamka na nguvu siku hiyo. Nilikotoka na wazazi wangu walikuwa nani hayo hayahusiki. Kinachohusika ni chumba. Masanja na mkewe Minza walinipa chumba cha mwisho katika nyumba yao ya tofali za kuchoma, bati bila dari, dirisha la mbao lililofungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Msimu wa mavuno ulipofika, chumba kiligeuka ghala. Pamba ilimwagwa humo mpaka ikakaribia kenchi, nikabakiwa na kitanda na kichochoro cha kufikia mlango. Nililala nikinusa pamba na dawa ya wadudu, nikaamka na nyuzi nyeupe kichwani, na Minza akacheka kila asubuhi: "Mwangaluka, mwalimu. Leo umezeeka tena." Kisha ananiwekea michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, amevipika na karanga, na kikombe cha uji wa mtama pembeni. Sijala tena kifungua kinywa kama kile. Siku hizi nakula mkate wa siagi nikiangalia simu.

Simu kule ilikuwa pambo. Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya jiwe kubwa nyuma ya shule, na kulipanda kulitaka mikono na miguu. Kileleni palitosha watu wawili, wa tatu alining'inia. Na kwa kuwa ilibidi upige kelele ndipo usikike, jiwe lile halikutunza siri. Tuliokuwa chini tulijua nani kaachwa, mtoto wa nani kafeli, ng'ombe wa nani kafa huko Itilima. Nilicheka sana mpaka siku Minza aliponieleza habari za Holo. Holo alikuwa mdogo wake Masanja. Alishikwa na uchungu wakati wa masika, mtoto akatoka amekufa, damu ikakataa kukatika, nesi wa zahanati akasema gari la wagonjwa liitwe kutoka wilayani haraka. Masanja akakimbia kupanda jiwe. Mvua inanyesha, jiwe linateleza, simu inashika na kuachia, na yeye yuko kule juu anaita "hallo, hallo" mpaka sauti ikamkauka. Aliposhuka kuwaambia watu kwamba gari linakuja, wanawake walikuwa wameshaanza kulia.

Tangu siku ile Masanja hakupanda tena lile jiwe. Akiwa na shida ya simu alimtuma mtu. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja, na alikisema kwa kila aliyemsikiliza: mtandao ushuke kutoka kwenye jiwe, uende pale watu wanapougulia.

Hakuwa mtu wa kupuuzwa. Masanja alikuwa nsumba ntale, mkubwa wa vijana wa kulima. Akisema kesho tunalima kwa mjane fulani, kesho jembe la kila kijana liko kwa mjane huyo, na ngoma iko hapo, na asiyekuja ataimbwa vibaya hadi mavuno. Kazi hiyo ina desturi yake. Mwenye shamba huwalisha wanaomlimia, na siku ya mwisho huja mwenyewe, anachinja, anakaa chini anakula nao sinia moja. Asipokula nao, kazi inahesabiwa haijaisha, hata kama shamba limelimwa lote na magugu hayaonekani. Nimeishi na wasomi wengi baada ya hapo na sijaona mkataba uliofungwa vizuri zaidi.

Basi akaja Injinia. Jina lake nalijua ila silitii mdomoni. Alikuja na pikapu nyeupe, kofia ngumu, na buti ambazo hazijawahi kukutana na tope. Tukakusanyika uwanjani shuleni. Akatuambia dunia iko kiganjani, akatuambia kijiji hakitaachwa nyuma, akatuambia mkongo unakuja, yaani uzi wa mtandao unaopita ardhini, na maneno mengine ambayo baadaye nimeyasikia katika kila semina mpaka masikio yakaota sugu. Watu walipiga makofi. Masanja hakupiga. Alisimama, kofia mkononi.

"Mimi nina swali moja, mheshimiwa. Huo uzi unasimama hapa au unapita?"

"Unasimama, mzee. Mkishirikiana nasi mtaro ukafika shuleni, mkongo unasimama shuleni. Na mnara wa simu utakaa hapo hapo."

"Umesema mbele ya watu."

"Nimesema."

Masanja akavaa kofia yake. Kwake yeye mambo yalikuwa yameisha hapo, kilichobaki ni chakula. Minza alichinja jogoo, akasonga ugali wa mtama, akaweka na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yamepikwa na karanga mpaka yakalainika. Niliyaona kwa macho yangu: Injinia alinawa kwa maji ya chupa aliyotoka nayo kwenye gari, akafungua mkoba, akatoa kijiko chake na sahani yake ya plastiki. Masanja na wazee walikuwa wamekaa kuzunguka sinia, wamemwachia nafasi. Akajipakulia, akaenda kulia kwenye kiti pembeni. Minza alinitazama, mimi nikatazama chini. Wazee wakasema huyu ni mtu wa mjini, tumbo lake halijazoea. Tumbo! Lingekuwa tumbo ningemhurumia.

Kwingineko, nilikuja kujua baadaye, mtaro ulichimbwa na vibarua. Kwetu ulichimbwa kwa ngoma. Masanja alisema uzi ni wetu na haufai kuchimbwa na mgeni, akaigawa njia vipande viwili. Upande wa mashariki wakapewa Bagalu, upande wa magharibi Bagika, vyama viwili vya ngoma ambavyo havijawahi kukubaliana hata juu ya hali ya hewa. Wakaambiwa wakutane shuleni, na atakayefika wa kwanza ataimba mwaka mzima. Msukuma umemmaliza hapo. Ukitaka achimbe mpaka ardhi iombe msamaha, mwambie tu kwamba Bagika wameshapita kwenye mkuyu. Nilikuwa nawasikia nikiwa darasani, majembe yakipanda na kushuka pamoja, filimbi, ngoma, na nyimbo za kutukanana. Bagalu waliimba kwamba wenzao wanachimba tundu la panya na panya mwenyewe kalikataa. Wanafunzi wangu waliandika sheria za Newton huku wakitikisa mabega. Udongo wa mbuga ukiwa mkavu unakataa jembe, wao wakaleta sururu. Walipofika kwenye miamba karibu na nyumba ya Masanja, Injinia alisema itabidi kuzunguka, kazi itachelewa. Masanja akasema haichelewi. Akang'oa ua wake wa minyaa kwa mikono yake, mtaro ukapita uani kwake, ubavuni mwa zizi. Utomvu wa minyaa ulimwingia machoni. Alishinda siku hizo amevimba uso, anafuta machozi, anacheka.

Injinia alikuwa anachukua video. Alituomba turudie sehemu ya ngoma, mwanga haukuwa mzuri.

Wiki ile walipokaribia kukutana, walikuja wenzake wengine wawili kukagua, na chakula chao kikaandaliwa katika ofisi ya mkuu wa shule. Mimi na Minza tulipeleka. Mkuu wa shule alikuwa ametoka kutafuta soda. Tulipanga sahani mezani, tukamimina mchuzi, na wale mabwana hawakunyamaza hata kidogo. Kwa nini wanyamaze? Walioingia walikuwa wanawake wawili wamebeba hotpoti.

"Hapa tunashusha nini?" aliuliza mmoja.

"Hatushushi kitu. Hapa ni kupita tu," alisema Injinia, paja la kuku mdomoni.

"Si nasikia umewaambia watu wataunganishwa?"

"Bwana wee, ulitaka niwaambie nini? Hawa ukiwapigia ngoma watachimba mpaka Nairobi."

Wakacheka. Walicheka midomo wazi, chakula kinaonekana. Mmoja akanyonya mfupa, akautupa dirishani, kisha akanisukumia bakuli bila kunitazama. "Dada, ongeza mchuzi." Nikaongeza. Mpaka leo nikisikia mtu akinyonya mfupa nahama meza, na mume wangu anadhani ni maringo.

Nilimkuta Masanja jioni anakamua. Nikamweleza lote, neno kwa neno, na Minza kasimama nyuma yangu akiitikia kwa kichwa. Alikamua mpaka mwisho, akamwachia ndama, akashika kibuyu.

"Mwalimu, yule mtu alikula kwangu."

"Alikula na kijiko chake, kaka."

Kesho yake alfajiri alimfuata Injinia kwenye pikapu, nami nilikuwa naelekea shule, nikasikia. Hakupandisha sauti. Aliuliza lile lile aliloliuliza uwanjani: uzi unasimama au unapita? Injinia alimshika bega. Akamwita mzee wangu. Akasema vijana wale walikuwa wanatania, ila ni kweli kwamba kwa sasa mkongo utapita kwanza, ndiyo utaratibu, halafu sisi tutaunganishwa awamu ya pili.

"Awamu ya pili ni lini?"

"Ni hii ikiisha tu, mzee wangu."

Sijui hadi leo kama Masanja alimwamini. Nadhani aliona mtaro umebaki kidogo kukutana, akaona vijana wanavyoimba, akamwona Holo, na moyo wa mtu ukishataka kitu sana haukosi sababu. Mchana aliwaita vijana wote, Bagalu na Bagika. Akawaambia: uzi utapita, halafu utarudi kusimama, awamu ya pili. Kijana mmoja akauliza nani kasema. Masanja akajibu, "Nimesema mimi." Injinia alikuwa amekaa kwenye gari lake, kioo kimefungwa, kiyoyozi kinaunguruma. Amembebesha mtu mwingine uongo wake, na huyo mtu ndiye kaondoka nao nyumbani. Hapo ndipo panaponitia kinyaa kuliko kote, kuliko hata ile mifupa.

Siku ya kumaliza lilifungwa turubai shuleni. Akaja mgeni rasmi, zikaja hotuba, utepe ukakatwa mbele ya mtaro uliokwisha kufukiwa. Bagalu walikuwa wameshinda kwa kipande kisichozidi urefu wa kitanda, na walicheza kama wamechukua nchi. Kampuni ilileta kreti za soda zilizopigwa jua mpaka zikawa za kunawia, na fulana zenye maneno TUKO PAMOJA kifuani. Injinia hakuwepo. Tuliambiwa ametangulia mbele na kazi. Vijana wakakaa chini kwenye kivuli cha madarasa wakisubiri desturi: mwenye shamba atokee, achinje, ale nao. Gari za wageni zikawashwa, zikaondoka, vumbi likatua juu ya soda. Hakuna aliyenyanyuka. Masanja akaondoka peke yake, na baada ya muda tukamwona anarudi akimvuta dume lake la maksai, lile alilolimia. Akalichinja mwenyewe, ili isije kusemwa kwamba vijana wa Kimali walilima wakalala njaa. Nyama ikaliwa. Mzee mmoja alifuta kisu kwenye majani akasema, "Aliyelimiwa hajala."

Niliondoka kwenda chuo mwisho wa mwaka ule, nywele zangu zikiwa bado na pamba. Yaliyofuata niliyasikia nikienda kusalimia, na nilienda mara chache kuliko ilivyostahili. Awamu ya pili haikuja. Masanja alienda wilayani kuuliza, akaambiwa aende mkoani. Mkoani akaambiwa kampuni ile imeshamaliza kazi yake. Aliwahi kuja hapa Bariadi, akasimama mbele ya ofisi yenye vioo na bango la intaneti ya kasi, akamwambia binti wa mapokezi kwamba uzi wenu unapita kwangu. Binti alimuuliza kama anataka kifurushi cha nyumbani au cha biashara. Kijijini awamu ya pili ikageuka msemo. Mtu akichelewa kurudisha jembe aliloazima, wanamwambia, "Wewe ni awamu ya pili." Watoto wakimwona Masanja njiani walikuwa wanamuuliza huyo babu yao, wasijue wanachouliza, "Guku, imefika?" Vijana wakachagua nsumba ntale mwingine. Hawakumtukana. Waliacha tu kwenda alipowaita. Minza ile fulana ya TUKO PAMOJA aliigeuza kitambaa cha kuepulia sufuria, na nilipomtembelea aliniambia kwa hilo angalau inafaa, haiunguzi.

Kwa hiyo nilipanda basi la asubuhi kwenda kuzika. Minza alikuwa amekaa mkekani katikati ya wanawake. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akazitazama mvi zangu za kwanza. "Mwalimu," akasema, "safari hii si pamba." Tukalia. Nje vijana walikuwa wanachimba kaburi ubavuni mwa zizi, maana mwenye mji huzikwa kwake. Haukupita muda kijana mmoja akamjia mama huyo mbio, tope hadi magotini.

"Mayu, tumekuta utepe wa njano. Umeandikwa hatari. Chini yake kuna bomba jeusi. Tusogee?"

Minza alifunga vizuri khanga yake. "Hapo ndipo alipopaonyesha?"

"Ndipo."

"Basi chimbeni."

Yule kijana alisita, akarudi. Tulisikia sururu. Minza akanigeukia, sauti ya chini lakini wanawake wote wakamsikia. "Alikuwa ananionyesha kila siku tangu alipolala kitandani. Nizikeni hapo, kwenye mtaro. Nikamwambia, baba, pale pana uzi wao. Akasema ndiyo, nataka waje."

Na wakaja. Miaka yote ile watu waliandika, walitembea, walisimama mbele ya vioo, hakuja mtu. Sasa jeneza lilikuwa bado ndani ya nyumba, wali wa msiba haujaiva, gari mbili zikaingia uani kwa kasi hadi kuku wakapanda paa. Wakashuka mafundi wenye vizibao vinavyong'aa, mbele yao injinia mwingine, kijana mdogo, shati limelowa jasho. Alienda moja kwa moja mpaka ukingoni mwa kaburi, akatazama chini, akashika kichwa.

"Jamani! Nani kafanya hivi? Mnajua hii ni nini? Mji mzima umezimika! Benki zimesimama, maofisi yamesimama!"

Nikakifikiria kidude changu ukutani, taa zake zimekuwa nyekundu, na mwanangu anakipigapiga kwa kiganja. Wallahi nilifurahi.

Minza alisimama polepole, akamfuata. "Mwadila, baba. Pole na safari."

"Mama, shikamoo. Samahani, lakini hapa haiwezekani kuzika. Kaburi itabidi lisogee."

"Litasogea. Tutalisogeza sisi wenyewe, tumezoea kuchimba. Lakini kwanza mle."

"Mama, hatuna muda, bosi anasubiri..."

"Mtaro huu alichimba mume wangu. Aliyechimbiwa hakuja kula. Hamuungi kitu hapa mpaka mle."

Vijana walikuwa wameshashuka kaburini, wamesimama juu ya ule uzi uliokatika, mikono kifuani. Hakuna aliyetoa neno la ukali. Yule injinia alitazama huku na huku, akaelewa anachoweza kuelewa. Sinia likaletwa, ugali na nyama ya msiba. Akanyoosha mkono kwenye mkoba wake nami nikadhani ni kijiko, lakini ilikuwa leso tu, ya kujifuta jasho. Akanawa maji yale yale ya kwenye ndoo. Mafundi wakakaa chini na wazee, wakala kwa mikono, haraka haraka, kama watoto waliokemewa. Mzee aliyefuta kisu kwenye majani mwaka ule alikuwepo, haoni vizuri tena. Aliuliza nani hao wanakula. Akaambiwa. Akasema, "Ehee," basi.

Waliunga uzi wao ndani ya kaburi la Masanja, wakauvuta wakausogezea upande wa barabara, kaburi likabaki pale pale, na vijana wakawachimbia mtaro mpya kwa sababu majembe walikuwa nayo. Bila ngoma safari hii. Kazi ilipokwisha, injinia akatoa simu ampigie bosi wake. Akaitazama. Akaizungusha juu ya kichwa. Akatembea mpaka kwenye mlango wa zizi, akarudi. Miguuni pake palikuwa panapita mtandao wa mji mzima, na yeye hana hata kidogo cha kusemea hallo.

"Samahani," akasema, "hapa mtandao mnapata wapi?"

Watu mia wa msiba walinyanyua mikono pamoja, wakamwonyesha jiwe.

Alienda. Tulimwona anapanda kwa mikono na miguu, kizibao kinang'aa, buti zinateleza, akajikwaruza, akafika. Akasimama kule juu mkono mmoja sikioni, mwingine hewani. Na kama kawaida ya jiwe lile, tulisikia kila neno. "Hallo? Hallo! Bosi, imeshaunga! ... Nasema imeunga! ... Hapana, sikusikii, hapa hakuna mtandao! Nimepanda juu ya jiwe! Hallo?"

Wanawake wengine walicheka, wengine wakalia, mimi nilishindwa kuchagua. Nilitaka kutapika na nilitaka kupiga vigelegele. Jeneza lilikuwa limeshaletwa, limewekwa kwenye kivuli cha minyaa iliyoota upya. Minza aliinama, akaliwekea mkono juu, pale kichwa kilipo.

"Baba," akamwambia, "wamefika. Wamekula. Na mwenzao yuko juu ya jiwe, anaita."

Kutoka kule juu ikaja tena, sauti imeanza kukauka: "Hallo? Hallo?"

Tukamzika akisikiliza.